Mtabiri wa Sekunde Nane

Leo asubuhi shemeji yangu wa Muyinga amenitumia ujumbe: "Mtabiri, mvua itanyesha?" Sijajibu. Jana mdogo wake aliniuliza mbuzi wao mwenye mimba atazaa dume au jike. Juzi mwenye namba nisiyoijua alitaka nimtajie siku ambayo petroli itapatikana, na huyo angalau swali lake lilikuwa la mtu mzima. Wananicheka na sina la kuwafanya, maana Jumapili iliyopita, mbele ya watu wasiopungua themanini, ndani ya sinema ya mtaa wa Waswahili mjini Muyinga, waya wangu wa sikioni ulichomoka.

Msomaji wa mbali asidhani sinema yetu ni ya filamu. Sinema kwetu Burundi ni nyumba ya matofali na mabati, mabenchi yaliyopigiliwa misumari na mtu mwenye hasira, televisheni mbili ukutani, na kijana mlangoni anayekusanya faranga kabla hujamaliza kumsalimu. Watanzania wanaiita kibanda umiza, na kwa jina hilo, nakiri, wametufunga. Ile ya Muyinga ina pia kiti kimoja cha plastiki chenye mgongo. Kiti hicho ukikumbuke.

Nilikuwa nimekwenda ukweni kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kwa shughuli ya arusi ambayo wanaume hawakuhitajika sana. Ukitoka kwetu Gitega unapita Karusi, unafika Muyinga, na ukiendelea kidogo uko mpakani Kobero. Ndiyo maana redio za Tanzania huko zinaingia hata kwenye sufuria. Mimi nina kisimu cha vitufe, kile ambacho kikidondoka unaangalia kwanza kama sakafu imepasuka. Kina redio, kina tochi, na betri yake haina habari na mgao wa umeme. Ijumaa jioni niliketi benchi la nyuma kabisa, kofia ya sufu nimeivuta hadi masikioni kwa sababu ya baridi, na chini ya kofia, sikio la kushoto, nimechomeka redio. Nia yangu ilikuwa safi. Sauti ya televisheni ile ilikuwa imekufa, na mimi mpira bila mtangazaji siuoni vizuri.

Mtangazaji akasema: kona. Kwenye televisheni mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, unapigwa pasi za uvivu. Nikafikiri nimesikiliza mechi nyingine. Mara winga akakimbia, beki akautoa nje, kona. Nikanyamaza. Mtangazaji akasema: faulo, kadi ya njano. Safari hii nikahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu… nilipofika nane, beki akamvaa mtu na mwamuzi akaingiza mkono mfukoni. Nikahesabu tena kwenye mpira wa kurusha. Nane.

Muungwana angewageukia jirani zake akasema, jamani, njooni mwone ajabu. Mimi nilimgeukia shemeji nikamwambia, "Fanta moja, sasa hivi mpira unatoka nje upande wa kulia."

Mpira ukatoka nje upande wa kulia.

Sikuwa mjinga wa kutabiri kila kitu. Mtu anayejua kila kitu huulizwa amejuaje. Nilikuwa naacha dakika tano zinapita, nakuna kidevu, nafumba jicho moja, halafu nasema kwa sauti ya mtu asiyetaka sifa: "Huyu kipa atautema." Anautema. Mara nyingine nilikosea makusudi, nikatikisa kichwa kama mganga aliyekosa mizizi, ili watu wasichoke kunishangaa. Hadi mapumziko nilikuwa na Fanta tatu na benchi zima limenigeukia. Jumamosi kijana wa mlangoni hakunitoza kiingilio. Watu wakaanza kuniita Sheikh Yahya, kwa jina la yule mnajimu wa Tanzania aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulikuwa ukisubiriwa kila mwaka kuliko bajeti. Mama mkwe alipopata habari alisema hiyo ni kamari. Nikamwambia ni Fanta. Akasema kamari ya Fanta ni kamari, na akaendelea kuchambua mchele bila kuniangalia.

Halafu likatokea jambo la kile kiti. Kila sinema ina mzee wake. Wa Muyinga ni mzee mwenye kanzu na koti, anakuja kabla ya wote, anakaa kiti cha plastiki chenye mgongo, hasemi neno hadi filimbi ya mwisho. Jumapili nilipoingia aliinuka. Mimi nikadhani anakwenda kutawadha. Kumbe ananipisha. "Kaa, mwanangu," akasema, "mwenye elimu hakai nyuma." Yeye akaenda benchini, kwenye misumari. Nilikataa mara moja, kwa adabu. Sikukataa mara ya pili, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mechi ya Jumapili ilikuwa Yanga na timu ya mikoani. Mimi ni Yanga. Nikisikia Yanga wanashambulia, akili yangu ya utabiri inakwenda likizo na inabaki ile ya ushabiki. Kipindi cha pili, bila bila, mtangazaji akapandisha sauti. Anaingia ndani ya boksi, bado anao, anamzunguka beki, anapiga, "gooo…"

Niliruka. Sikutabiri, sikukuna kidevu, niliruka mikono juu nikipiga kelele, "Goli! Goli hilo!" Mkono wa kile kiti cha plastiki ukaushika waya kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake sokoni. Waya ukachomoka. Sasa visimu vya namna hii vina tabia moja: ukichomoa waya, redio haizimi. Inahamia kwenye spika ya nje, ile spika iliyotengenezwa kwa ajili ya simu kusikika shambani.

"…ooo, hapanaaa! Kibendera kiko juu! Kibendera kiko juu, ndugu msikilizaji, ameotea! Bado ni bila bila!"

Sinema nzima iliisikia. Kwenye televisheni wakati huo beki wa kushoto alikuwa anafunga kamba za kiatu.

Sijui kama umewahi kukaa kimya na watu themanini kwa sekunde nane. Ni muda mrefu kuliko hotuba. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wanaitazama televisheni, wanasubiri kuona kama itathubutu. Beki akasimama. Mpira ukachezwa mbele, mchezaji akaingia ndani ya boksi, akamzunguka beki, akapiga, wavu ukatikisika. Nadhani lilikuwa goli la kwanza katika historia ya sinema ile kuingia wavuni bila mtu hata mmoja kuinuka. Kamera ikahama, kibendera kikawa juu. Ndipo wakageuka wote kwa pamoja, pamoja na wale wa benchi la mbele ambao wangeweza kubaki wameangalia mpira.

Mzee akaja taratibu, akasimama mbele yangu, akasema bila hasira yoyote, "Mwanangu, nirudishie kiti changu."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kituoni nikisubiri teksi ya Probox ya kurudi Gitega. Probox haiondoki hadi ijae, na kujaa kwake ni elimu ya peke yake: nyuma wanne, mbele wawili pamoja na dereva, na mmoja wa nusu ambaye hajulikani yuko upande gani. Tulisubiri saa mbili. Pikipiki zilikuwa zinapita mbele yetu. Mtu mmoja anaruka nyuma, hao, wamekwenda. Abiria wa pembeni yangu, ambaye Jumapili alikuwa kwenye sinema, akaniuliza tutafika saa ngapi. Sikumjibu, ila pale pale nikaelewa sekunde nane zilikotoka.

Redio ni pikipiki. Mtangazaji amekaa uwanjani, anaona, anasema. Sauti yake inapanda simu hadi studio, inatoka mnarani, inaingia sikioni. Sauti ni abiria mmoja asiye na mzigo. Haisubiri mtu.

Televisheni ni Probox. Watu wengi wanadhani ucheleweshaji unatoka kwenye setilaiti kwa kuwa iko mbali, na mbali ni kweli: setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, mahali ambapo mzunguko wake unalingana na wa dunia, ndiyo maana dishi ukishalielekeza hulisogezi tena mpaka mtoto apande juu ya bati. Lakini mawimbi yanakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Kupanda na kushuka yote ni kama robo ya sekunde. Hata mechi ikipandishwa mara mbili, kutoka uwanjani hadi kwenye kituo na kutoka kwenye kituo hadi kwetu, hiyo ni nusu sekunde. Nyingine zinaliwa ardhini, kituoni, kwenye kusubiri ijae.

Na inavyojaa ndipo penye utamu. Kamera inatoa, tuseme, picha 25 kila sekunde. Kuzituma zote nzima nzima ni sawa na kuhama na nyumba yako kila unapokwenda sokoni. Kwa hiyo kuna mashine inayotuma picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata inatuma mabadiliko tu: nyasi ziko vilevile, matangazo ya pembeni yako vilevile, mpira umesogea mkono mmoja, beki ameanguka. Ila ili ijue kilichobadilika lazima izishike picha kadhaa kwanza, izilinganishe. Na, hili ndilo lililonikosesha usingizi wa Jumatatu, kuna picha ambazo mashine haiwezi kuzieleza mpaka iwe imeshaiona picha ya mbele yake. Inachungulia kitakachotokea, inarudi nyuma, inaeleza kilichotangulia. Kwa maneno mengine mtabiri wa kweli mle sinema alikuwa ile mashine, mimi nilikuwa dalali wake.

Bado hujafika. Picha zikishabanwa zinachanganywa na chaneli nyingine kwenye mkondo mmoja, zinafungwa kwa kufuli ili asiyelipia asione, zinarushwa. King'amuzi chako nacho kikizipokea hakikuonyeshi papo hapo. Kinaweka akiba kidogo, kama mama anayeficha unga wa kesho, ili mawingu yakipita picha isikwame. Halafu kinafungua kufuli, kinakunjua picha, kinalinganisha midomo na sauti. Kila mmoja njiani ameiba sekunde yake, na ukimuuliza atakuambia yeye hakuchelewesha kitu. Televisheni ya zamani, ile ya kuzungusha antena huku mtu ndani anapiga kelele "hapo hapo, usiguse!", haikuwa na mambo haya. Ilikuwa na chenga kama mvua ya mawe, lakini goli lilikuwa la sasa.

Anayetazama kwenye simu kwa intaneti ana hali mbaya zaidi, maana huko mechi inakatwa vipande vipande na kila kipande kinasubiri mwenzake; nusu dakika inapotea hivi hivi. Kwetu Gitega, mtaa wa Nyamugari, ukikaa kibarazani usiku wa mechi kubwa unaweza kulisikia goli likitembea. Linaanzia kwa kinyozi mwenye redio. Linapita sinema ya kwanza yenye dishi. Linaruka barabara, linaingia sinema ya pili yenye king'amuzi cha kampuni nyingine, sekunde kadhaa baadaye. Linashuka kuelekea Shatanya. Sote tumeshakaa, tumeshaanza kubishana kama ilikuwa kuotea, ndipo kijana mmoja mwenye simu, peke yake chumbani, anapiga kelele za "Goooli!" na mbwa wanamjibu.

Nimecheka sana na jambo hili mpaka nilipoacha kucheka.

Kwa sababu nilianza kujiuliza: kwa nini watu themanini wa Muyinga, mji wenye timu yake, Olympic Star, na uwanja wake, Umuco, wamebanana Jumapili mchana kutazama ligi ya nchi jirani kwa kuchelewa? Jibu rahisi ni kwamba vijana wetu wako huko. Amissi Tambwe aliondoka hapa akawa mfungaji bora wa Tanzania mara mbili, msimu wa 2013/14 akiwa Simba na 2015/16 akiwa Yanga. Saido Ntibazonkiza, baada ya kuzunguka Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, akamaliza msimu wa 2022/23 na magoli 17, sawa na Fiston Mayele. Mtu unafuata damu yako. Lakini damu yako unaifuata kwa kulipia, kwa king'amuzi, na inafika imeshapoa.

Na si damu tu iliyohama. Agosti 2024 Vital'O, mabingwa wetu wa wakati huo, walipangwa na Yanga katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza Vital'O walikuwa nyumbani. Nyumbani ikawa Dar es Salaam, kwa kuwa viwanja vyetu havikuwa vimekidhi masharti ya CAF. Fikiria maana yake: timu ya Bujumbura inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda nyumbani kwake, inafika inakuta nyumbani kumejaa mashabiki wa mgeni. Wakafungwa 4-0. Wiki iliyofuata wakawa wageni rasmi, mji uleule, wakafungwa 6-0. Kumi bila. Mimi, mtu wa Yanga, nilikuwa nimevaa jezi ya njano na kijani ndani, na juu yake shati la zambarau kwa heshima ya Vital'O, nikipanga kufungua vifungo kulingana na matokeo. Goli la tatu nilivifunga vyote hadi shingoni na kwenda nyumbani. Hakukuwa na upande wa kushangilia.

Timu ya taifa nayo, Intamba mu Rugamba, kwa miaka kadhaa ilikaribisha wageni kwenye nyumba za watu. Sisi tuliokuwa hai Machi 23 mwaka 2019 tunajua nyumbani kulivyokuwa. Gabon na Aubameyang wao walikuja Bujumbura, Cédric Amissi akafunga, Gabon wakasawazisha kwa goli ambalo mchezaji wetu alijifunga, ikaisha 1-1, na sare ile ikatupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Uwanja ule ulijaa mpaka miti ya jirani ikazaa watu. Mtoto aliyezaliwa siku ile yuko shule ya msingi sasa, anajua majina ya kikosi cha Arsenal pamoja na wa akiba, na mechi kama ile hajawahi kupelekwa kuiona katika nchi yake. Hili silitanii. Tumejenga mengi tangu Gitega iwe makao makuu ya kisiasa mwaka uleule wa 2019, kuna vibao na uzio na walinzi, lakini kwa miaka kadhaa uwanja mmoja wa kumkaribishia mgeni kwa masharti yanayotakiwa hatukuwa nao. Uwanja wa mpira si roketi.

Nami sina mdomo wa kusema sana. Gitega tuna timu mbili zinazogombea hewa moja, Flambeau du Centre na Musongati. Flambeau walikuwa mabingwa wa nchi msimu wa 2021/22. Uwanja wao, Ingoma, kwa mguu naufikia kabla kahawa haijapoa. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao naona haya kuutaja. Goli lilipofungwa nilikuwa nimeinama kuokota karanga, nikainua kichwa nikaanza kusubiri marudio.

Misiba mingine ya ushabiki wangu si ya kuandikia. Mechi yetu na Nigeria kule Misri 2019, umeme ulikatika tukiwa bila bila, ukarudi filimbi ya mwisho inapigwa. Nikashangilia sare kwa dakika nzima kabla mtoto hajanionyesha 1-0 kwenye kona ya kioo. Jezi niliyoinunua sokoni ilichuja rangi kwenye kanzu ya Ijumaa. Malipo ya king'amuzi yaliisha dakika ya 83. Basi.

Nirudi Muyinga. Baada ya kumrudishia mzee kiti chake sikuweza kuondoka, mlango ulikuwa upande wa pili wa watu themanini. Nikakaa benchini, kwenye msumari wake. Mechi ilipoisha yeye ndiye aliyenisemesha. Akaniuliza kama redio ile bado inafanya kazi, nikamwambia inafanya. Akasema mwaka 1992 alikuwa Bujumbura, uwanjani, Vital'O walipocheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika na Africa Sports ya Abidjan, mechi ya kwanza, 1-1. Ya marudiano, ile ya kufungwa 4-0 kule Abidjan, aliisikia redioni na hakuipenda. Lakini ile ya 1-1 alikuwepo. Alilirudia neno hilo mara mbili, nilikuwepo, akagonga goti langu kwa kidole. Kisha akasema goli la Vital'O lilipoingia aliona mpira na kusikia kelele kwa wakati mmoja, na kwamba tangu hapo kila goli analoliona humu sinema anahisi kuna mtu amelionja kwanza.

Nikamwomba radhi. Akasema radhi nimwombe shemeji, maana Fanta hazikuwa zake.

Ni kweli, hazikuwa zake, zilikuwa za shemeji na wenzake wanne, na baraza lililokaa pale pale mlangoni liliamua nirudishe zote: tisa, za chupa, za rangi ya chungwa. Nilitoa faranga wakazikataa. Wanataka Fanta. Na wanajua wanachokifanya, kwa sababu siku hizi vinywaji vya chupa vimeadimika kama sukari na mafuta. Muuza duka ukimwuliza anakuangalia kama umemwuliza habari za marehemu. Kwa wiki nzima nimezunguka Nyamugari, Magarama na Musinzira, nimepata mbili, moja ni ya ndimu na shemeji amesema ya ndimu haihesabiki.

Mwenye kujua duka lolote Gitega lenye Fanta nane za chungwa anijulishe. Chupa tupu ninazo.